Krediti Iandikwe Chuoni: Namna ya Kuunganisha Masomo ya Ufundi ya Sekondari na Chuo cha Jamii

Miaka michache iliyopita niliitwa kutafsiri katika ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha jamii (community college) hapa Iowa. Mama mmoja Mkongomani alikuja na binti yake aliyekuwa amemaliza sekondari mwezi Mei. Binti alisomea uchomeleaji kwa miaka miwili, na tangu siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwamba masomo yale yana krediti za chuo, yaani yatahesabiwa kama sehemu ya masomo ya chuo. Karani akatafuta jina lake kwenye kompyuta, akatafuta tena kwa tarehe ya kuzaliwa, hakukuta kitu. Makubaliano kati ya shule na chuo yalikuwepo kweli, yamesainiwa na kuwekwa kwenye faili. Ila yalitaka mwanafunzi mwenyewe apeleke maombi pamoja na fomu yenye saini ya mwalimu, na hakuna aliyewahi kumwambia. Mwalimu naye alikuwa ameshahama. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu alisoma bure?" Nililitafsiri swali lile kwa Kiingereza, nikasubiri, na sikupata jibu la kumrudishia.

Mwongozo huu unatokana na swali hilo. Naandika kwa ajili ya mwalimu wa ufundi, mratibu, mshauri wa wanafunzi, au kiongozi wa jumuiya yetu anayekaa kwenye kamati ya wilaya ya shule na anataka masomo ya sekondari yawafikishe vijana chuoni wakiwa na kitu mkononi. Mifano mingi ni ya Iowa, ambako nafanyia kazi, na ambako Kiswahili sasa kinasikika kwenye korido za shule za Des Moines na Cedar Rapids. Majimbo mengine yana mipango yao. Minnesota ina PSEO tangu 1985, Washington ina Running Start iliyotokana na sheria ya 1990, Ohio ina College Credit Plus, na North Carolina ina Career and College Promise. Majina na kanuni hutofautiana, lakini kazi ya kukaa mezani na kukubaliana inafanana.

Hatua ya kwanza: amueni ni krediti ya ahadi au ya usajili

Somo la ufundi la sekondari hugeuka krediti ya chuo kwa njia mbili, na watu huzichanganya hata maofisini.

Ya kwanza nitaiita krediti ya ahadi. Mwalimu wa sekondari anafundisha somo lake kama kawaida. Chuo kinausoma muhtasari wa somo na kukubali kwamba unalingana na somo lake fulani. Mwanafunzi anaahidiwa kwamba akijiunga na chuo hicho baadaye, ndani ya muda uliowekwa na akiwa na alama iliyotajwa, atapewa krediti. Ya pili ni krediti ya usajili. Hapa mwanafunzi anasajiliwa chuoni akiwa bado sekondari, somo lina namba ya chuo, na muhula ukiisha alama inaingia moja kwa moja kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya matokeo ya chuo.

Krediti ya ahadi ilienea baada ya 1990, pale sheria ya shirikisho ya elimu ya ufundi, inayoitwa kwa jina la Carl D. Perkins, mbunge wa Kentucky, ilipofanyiwa marekebisho na kuanzisha mpango wa Tech Prep. Nia ilikuwa njema, na hadi leo ni njia rahisi kuanzisha kwa sababu haihitaji fedha nyingi wala kubadilisha mwalimu. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya mwisho inamwangukia kijana wa miaka 18, katika miezi ambayo anatafuta kazi, labda anahama mji, na hana tena mwalimu wa kumkumbusha. Yule binti alipotelea hapo.

Ushauri wangu ni huu: ombeni krediti ya usajili. Chuo kikikataa kwa sababu ya kweli, pokeeni ya ahadi kwa mwaka mmoja au miwili, lakini muandike kwamba shule ndiyo itakayopeleka majina na fomu zote chuoni kila Mei, kabla wanafunzi hawajaondoka. Msimwachie kijana kazi hiyo.

Hatua ya pili: anzeni na cheti, mrudi nyuma hadi somo

Shule nyingi huanza na swali, "Ni somo gani letu linafanana na lao?" Matokeo yake mwanafunzi anamaliza sekondari na krediti tisa zilizotawanyika, kila moja halali, na zote hazijengi kitu. Chukueni karatasi, andikeni juu kabisa cheti au diploma inayotolewa na chuo katika fani hiyo, kisha orodhesheni masomo yote yanayotakiwa kuipata. Ndipo muulize ni yapi kati ya hayo yanaweza kufundishwa darasa la 11 na la 12.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa msaidizi wa muuguzi, kazi ambayo sote tunaiita CNA na ambayo imelisha nyumba nyingi za Waafrika nchini Marekani. Kanuni za shirikisho, zilizotokana na sheria ya 1987 kuhusu nyumba za kutunzia wazee, zinataka mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo saa 16 au zaidi za mazoezi chini ya msimamizi. Ni somo linaloingia katika muhula mmoja wa sekondari, na likiisha kuna mtihani wa jimbo na kazi inayosubiri. Lakini mzazi anayetaka mwanawe awe LPN au RN, yaani muuguzi kamili mwenye leseni, lazima amuulize mkuu wa idara ya uuguzi swali moja: je, krediti hizi zimo ndani ya diploma ya uuguzi, au CNA ni sharti la kuingilia tu? Mara nyingi ni sharti la kuingilia. Hilo si baya, ila krediti zake hazitapunguza urefu wa diploma. Kama lengo ni kufupisha safari, basi ongezeni masomo yaliyomo ndani ya diploma yenyewe, kama vile saikolojia ya ukuaji au uandishi wa chuo.

Ulizeni swali hilo kwa kila somo. Limo ndani ya cheti? Ni sharti la kuingilia? Ni la hiari? Kisha ulizeni kama chuo kikuu cha jimbo kitalipokea endapo mwanafunzi ataendelea mbele. Masomo ya ufundi, kama uchomeleaji na umakanika, hupokelewa kwa shida zaidi kwenye vyuo vikuu kuliko hesabu na uandishi. Mzazi anayeota shahada ya uhandisi anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Iowa kuna nafuu moja: vyuo vya jamii 15 vya jimbo vinatumia namba za masomo za pamoja. Somo lenye namba ileile linatambulika ukihama kutoka Kirkwood ya Cedar Rapids kwenda DMACC ya Ankeny. Kwa familia zetu zinazohama kufuata viwanda vya nyama na maghala, hili ni jambo kubwa.

Hatua ya tatu: mtafuteni mtu mwenye kalamu

Msianze kwa rais wa chuo. Atawapokea vizuri, mtapiga picha, na miezi sita itapita. Karibu kila chuo cha jamii kina ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa sekondari. Anzieni hapo, kisha ombeni kikao chenye watu watatu pamoja: mtu wa ofisi hiyo, mkuu wa idara ya fani husika, na msajili. Mkuu wa idara ndiye anayeamua kama somo lenu linafikia kiwango, na msajili ndiye anayejua kama litaandikika kwenye mfumo. Nimeona mipango mizuri ikikwama miezi kwa sababu msajili aliisikia mwishoni.

Nendeni na muhtasari wa somo, mitihani ya mwaka uliopita, orodha ya vifaa vya karakana pamoja na umri wake, na wasifu wa mwalimu. Kaeni na mwalimu wa chuo mlinganishe malengo mstari kwa mstari. Akisema wanafunzi wake huchomelea mkao wa juu ya kichwa na wenu wameishia mkao wa bapa, hilo ni pengo la kweli, na mna mwaka mzima wa kuliziba.

Mkikosa mlango, tumieni sheria. Perkins V, toleo la karibuni la ile sheria ya Perkins, iliyosainiwa 31 Julai 2018, inazitaka wilaya na vyuo vinavyopokea fedha zake kufanya tathmini ya mahitaji ya eneo walau kila baada ya miaka miwili, na kuwashirikisha waajiri, wazazi na wanafunzi. Iowa nayo ina kamati za mipango za kanda, zilizotokana na mageuzi ya 2016, ambamo shule na vyuo hukaa pamoja. Ombeni kiti. Mzazi wa Kiswahili anayefanya kazi hospitalini ana jambo la kusema kwenye tathmini hiyo, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Hatua ya nne: mwalimu

Hapa ndipo mipango mingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Somo la chuo lazima lifundishwe na mtu ambaye chuo kinamtambua, kwa sababu chombo cha ithibati, kinachokagua ubora wa vyuo, kitakiuliza chuo, hakitaiuliza shule. Kwa masomo ya darasani kama hesabu na uandishi, kipimo kilichozoeleka ni shahada ya uzamili katika somo lenyewe, au uzamili wa fani nyingine pamoja na krediti 18 za ngazi ya uzamili katika somo hilo. Walimu wengi wa sekondari hawana hizo. Kwa ufundi mlango ni mpana zaidi. Iowa, kwa mfano, inamkubali mwalimu wa ufundi wa chuo cha jamii mwenye mafunzo maalumu na angalau saa 6,000 za kazi ya karibuni katika fani yake, pamoja na leseni pale ambapo fani inadai leseni. Piga hesabu: saa 2,000 kwa mwaka ni ajira ya kutwa, kwa hiyo ni kama miaka mitatu.

Kwa hiyo mna njia tatu. Mwalimu wenu aidhinishwe na chuo afundishe hapohapo shuleni. Au mwalimu wa chuo aje kwenu. Au wanafunzi wapande basi kwenda chuoni au kwenye kituo cha ufundi cha kanda. Ya kwanza ni rahisi kwa wanafunzi, lakini programu inabebwa na mtu mmoja: akiondoka, krediti zinaondoka naye. Ya tatu ina vifaa bora na inamzoesha kijana hewa ya chuo, ila nusu ya siku inaweza kuishia barabarani, na ambaye wazazi wake wako zamu ya alfajiri hana wa kumwahisha. Mkiwa na uwezo, mwaka wa kwanza chukueni ya pili, mwalimu wa chuo aje kwenu huku wa kwenu akikaa darasani na kukusanya sifa anazozikosa.

Neno kwa mafundi wetu. Miongoni mwetu kuna watu waliochomelea Mombasa, waliofundisha kwenye vyuo vya VETA Tanzania, waliofungua na kufunga injini za malori Bukavu kwa miaka kumi. Wengi wanadhani uzoefu huo ulibaki kule. Tafuta barua ya mwajiri wa zamani yenye tarehe na saa za kazi, itafsiriwe rasmi, uongeze kazi uliyofanya hapa katika miaka ya karibuni. Kisha muulize mkuu wa idara anahitaji nini zaidi. Shule zinahangaika kutafuta walimu wa ufundi, na darasa lenye mwalimu anayemwelewa mtoto kwa lugha ya nyumbani ni baraka.

Hatua ya tano: fedha

Iowa, katika mpango unaoitwa Senior Year Plus uliowekwa kisheria 2008, shule na chuo husaini mkataba, na mwanafunzi wa darasa la pamoja kati ya shule na chuo hatozwi ada ya masomo. Jimbo huiongezea wilaya fedha kwa kila mwanafunzi wa namna hiyo, kwa uzito wa 0.70 kwa masomo ya ufundi na 0.46 kwa masomo ya kawaida (yaani anahesabiwa kama sehemu hiyo ya mwanafunzi wa ziada), ukikokotolewa kwa sehemu ya siku anayotumia humo. Kwa kawaida somo linatakiwa kuongeza kilichopo, lisichukue nafasi ya somo ambalo shule ilikuwa inalifundisha tayari. Mkurugenzi wa fedha wa wilaya analijua hili, na ukienda kwake na namba hizi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kinachowaangusha vijana ni gharama ndogondogo. Buti za chuma, kofia ya kuchomelea, sare ya kliniki, kipimo cha kifua kikuu, ada ya mtihani wa CNA, nauli. Ziorodhesheni zote, na mbele ya kila moja muandike nani analipa. Mstari ukibaki wazi, ujue atalipa mtoto, au ataacha somo kimyakimya bila kusema sababu.

Hatua ya sita: hati yenyewe

Hati nzuri ya makubaliano ina kurasa chache na majibu kamili. Iwe na namba na jina la somo la chuo, idadi ya krediti, mahali na saa za kufundishia, jina la cheo (si la mtu) anayewajibika kila upande, mtihani wa nani utatumika, siku ya mwisho ya kusajili, siku ya mwisho ya kujiondoa bila kuandikiwa F, nani anapeleka alama na lini, na nini kitatokea mwalimu akiondoka katikati ya mwaka. Hilo la mwisho huachwa kwa sababu ya adabu, na ndilo lililomponza binti wa uchomeleaji. Wekeni pia tarehe ya kuipitia upya kila mwaka, mwezi Januari au Februari, kabla ratiba za mwaka unaofuata hazijafungwa.

Hatua ya saba: siku ya usajili, na majina yetu

Msiseme "jisajilini mtandaoni wiki hii." Wapelekeni wote maabara ya kompyuta siku moja, mtu wa chuo awepo, na msiondoke hadi kila mmoja ana namba yake ya mwanafunzi wa chuo imeandikwa kwenye orodha yenu.

Kwa watoto waliopitia kambi kama Nyarugusu au Kakuma, angalieni majina kwa makini. Wengi wana tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwenye hati. Majina yamegeuzwa, la kwanza likawa la mwisho, au limerudiwa mara mbili kwa sababu fomu ilidai jina la ukoo. Ndugu wawili wana jina linalofanana na tarehe ileile. Mwanafunzi akiandika shuleni jina moja na chuoni jingine, chuo kitafungua rekodi mbili, na krediti zitalala kwenye rekodi asiyoitumia. Tumieni jina lililo kwenye hati yake ya uhamiaji, herufi kwa herufi, na mlilinganishe na la rekodi ya shule siku hiyohiyo.

Halafu kuna mtihani wa kupima Kiingereza. Ulizeni chuo kama somo hilo mahususi linaudai kweli, maana masomo mengine ya ufundi hayana sharti hilo, na mshauri akiutaja kwa mazoea anafunga mlango uliokuwa wazi. Perkins V inawahesabu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza miongoni mwa makundi maalumu ambayo programu za ufundi zinapaswa kuwawekea mkakati. Ombeni kamusi ya karakana kwa lugha mbili na mwalimu msaidizi, na muombe kwa kuitaja sheria hiyo.

Hatua ya nane: kikao na wazazi, kwa Kiswahili

Fanyeni kabla ya usajili, jioni au Jumapili alasiri baada ya ibada, na mkalimani asiwe mtoto wa mmoja wao. Shule ina wajibu wa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa, kwa hiyo ombeni bila haya.

Waambieni wazi kwamba alama ya chuo haifutiki. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba ukifeli unarudia na matokeo mapya yanashika nafasi. Hapa F ya mtoto wa miaka 16 inabaki kwenye transkripti, na inaweza kumgusa miaka miwili baadaye anapoomba msaada wa fedha kwa fomu ya FAFSA. Vyuo vingi hudai mwanafunzi awe amefaulu walau asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Mtoto aliyechukua masomo mawili ya krediti tatu na kufeli moja amefaulu tatu kati ya sita, yaani asilimia 50, na tayari yuko chini ya mstari kabla hata hajaanza chuo rasmi. Kwa hiyo mwanzo mzuri ni somo moja, na siku ya mwisho ya kujiondoa iandikwe kwenye kalenda ya jikoni.

Waelezeni pia kwamba, kwa sheria ya faragha ya FERPA ya 1974, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe hata kama hajafika miaka 18. Mzazi bado anaweza kuona rekodi zilizo sekondari, na shule hizo mbili zinaruhusiwa kupeana habari za mwanafunzi wao wa pamoja, lakini akipiga simu chuoni huenda akakataliwa. Akina baba hulichukulia kama dharau. Fomu ya ruhusa isainiwe na mwanafunzi siku ya usajili, jambo liishe.

Hatua ya tisa: hakikisheni imeandikwa

Wiki tatu baada ya kila muhula, kaeni na orodha ile yenye namba za wanafunzi. Kila mmoja afungue akaunti yake ya chuo mbele yenu na kuitazama transkripti. Jina, somo, krediti, alama. Palipo na kosa, andikeni barua pepe kwa msajili siku ileile, maana mwalimu bado yupo na kumbukumbu bado ni mpya. Darasa la 12 lifanyieni hivyo mwezi Mei kabla ya mahafali, na muwaonyeshe namna ya kuituma transkripti chuo kingine, kwa sababu haijitumi yenyewe. Anayebaki Iowa na fani yake iko kwenye orodha ya kazi zinazohitajika, ajaze FAFSA mapema aombe Last-Dollar Scholarship, ambayo tangu 2019 hulipia pengo la ada lililobaki kwenye chuo cha jamii.

Kisha chukueni nakala za transkripti hizo, majina yakiwa yamefichwa, mwende nazo kwenye kikao cha Januari cha kupitia hati.